Kinyota Chako Hakijanijibu

Kuna jibu moja ambalo kwenye magrupu ya WhatsApp linahesabiwa kuwa ushindi. Mtu ameandika hoja ya mistari sita. Kwenye mstari wa nne ameandika "mazala" badala ya "madhara". Anatokea mwenzake, hagusi hata mstari mmoja kati ya ile sita, anaweka kinyota na neno moja: *madhara. Chini yake emoji za kucheka zinajipanga. Mjadala umekwisha. Aliyeandika neno moja ameshinda, aliyeandika mistari sita ameshindwa, na hakuna anayekumbuka tena suala lenyewe lilikuwa nini.

Ushindi huo si halali. Na wanaoutafuta sana si watu wasiosoma. Ni sisi wa vyuo, wenye vyeti kwenye bahasha za kaki, tunaojua "dhamira" inaandikwa kwa dh na tunataka wote wajue kwamba tunajua.

Mimi nina disleksia. Nina shahada ya upimaji ardhi, nalipa kodi ya nyumba kwa kazi inayodai usahihi wa milimita, na bado nikiandika haraka neno "kuwasilisha" linaweza kutoka "kuwalisisha", nami nikalitazama nisione chochote. Kwako neno lililokosewa linajitokeza kama kokoto kwenye wali. Kwangu halijitokezi. Limekaa pale kimya pamoja na wenzake. Makala hii unaisoma ikiwa safi kwa sababu nimekaa nayo siku tisa, simu imenisomea kila aya kwa sauti, kisha mdogo wangu ameipitia, kisha mhariri. Kwenye grupu sina siku tisa. Nina sekunde arobaini kabla mada haijahamia kwenye mpira.

Tuanze na yale unayodhani umeyajua ukiona kosa langu.

Unadhani sikusoma. "Darasa la saba huyo" ni tusi ambalo linatukana mara mbili: linanipa elimu ambayo siyo yangu, na linamdharau mama aliyeishia darasa la saba lakini anaendesha biashara ya mbao na kusomesha watoto watano. Unadhani mimi ni mvivu, kwamba ningetulia kidogo ningeliona. Unadhani siheshimu watu, kwa sababu mtu anayekuheshimu hawezi kukuandikia ovyo. Kama nauza kitu, unadhani mimi ni tapeli. Na kama nimechanganya r na l, unadhani umeshalijua hata kabila langu, na utani unaofuata hauhusu tena herufi. Unahusu kwetu, chakula chetu na jinsi wajomba zangu wanavyozungumza. Kosa moja la herufi limekupa elimu yangu, bidii yangu, adabu yangu, uaminifu wangu na asili yangu. Hata mganga wa kienyeji hupiga ramli kwa vitu vingi zaidi ya hapo.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kuunganisha sauti za maneno na herufi zake kwa haraka na kwa usahihi. Si ugonjwa wa macho, ingawa wengi wetu tumenunuliwa miwani tusiyoihitaji. Si upungufu wa akili. Hutembea katika koo: mtoto mwenye mzazi mwenye disleksia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo. Makadirio ambayo watafiti wengi huyatumia ni asilimia 5 hadi 10 ya watu, kutegemea mpaka unawekwa wapi. Chukua kadirio la chini kabisa. Kwenye grupu la watu 200 hao ni watu kumi. Unawajua? Huwajui, kwa sababu wengi wao wamejifunza kutoandika. Ndio wale wanaosoma kila kitu na kujibu kwa kidole gumba tu.

Tatizo hili halikuzaliwa na simu. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa kuelewa na hesabu hazikumsumbua, lakini maneno yaliyoandikwa yalimshinda. Aliandika jina lake mwenyewe "Precy" na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Imepita zaidi ya miaka 120. Tumeshajua kwamba mtu anaweza kukosea jina lake na bado akawa mwenye akili kuliko darasa zima. Na bado tunaendesha magrupu yetu kama vile jambo hilo halijawahi kuandikwa popote.

Hapa huwa naletewa pingamizi, na mleta pingamizi huwa anatabasamu: "Hayo ni ya Kiingereza. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Disleksia itoke wapi?"

Ni kweli kwamba Kiingereza kinamtesa msomaji zaidi. Lakini mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Eraldo Paulesu lilichapisha katika jarida la Science utafiti uliowalinganisha watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano, kama Kiswahili, kina herufi zinazotii sauti. Waitaliano wenye disleksia walisoma kwa usahihi zaidi kuliko Wafaransa na Waingereza. Lakini ubongo ulipopimwa wakati wa kusoma, wote walionyesha upungufu uleule wa utendaji katika sehemu ileile ya upande wa kushoto. Lugha yenye tahajia rahisi haiondoi disleksia. Inaificha. Mtoto anasoma, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Ila anasoma polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na akifika ng'ambo amesahau alichofuata. Akiandika ndipo inapoonekana.

Na Kiswahili kina mitego yake ambayo Kiitaliano hakina. Maneno yetu ni marefu. "Hawakutuwasilishia" ni neno moja lenye silabi tisa, na ndani yake kuna mtendaji, wakati, mtendewa na kauli ya kutendea, vyote vimepangwa foleni. Mwenye disleksia akiruka silabi moja, sentensi nzima imebadilika maana. Mwaka 2003 Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti kuhusu makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, na jina la utafiti wenyewe linatosha: kujifunza tahajia ya lugha yenye kanuni zinazoeleweka si kazi ndogo. Hao walizungumzia watoto wote. Mwongezee huyo mtoto disleksia.

Halafu hiyo kanuni ya "andika unavyotamka" tuitazame vizuri. Anatamka nani? Nyumba nyingi za bara hazitofautishi dh na z. Mtu akiandika "zambi" ameandika kama anavyotamka yeye, kama mama yake alivyotamka, kama mchungaji wake anavyohubiri. Ametii kanuni uliyompa, nawe unamcheka kwa kuitii. Anayeandika "uyu" na "hasante" naye ameandika anachokisikia. Huyo si mwenye disleksia, na sitaki kumvalisha jina ambalo si lake. Ninamtaja kwa sababu mbele ya kinyota chako sisi wawili tunafanana. Wewe huulizi kosa limetoka wapi. Unacheka tu.

Hiyo tahajia unayoilinda kama kaburi la babu yako ina umri gani? Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyosanifisha Kiswahili cha maandishi ilianza kazi mwaka 1930, chini ya serikali za kikoloni, baada ya lahaja ya Unguja kuteuliwa kuwa msingi. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikuwa na alama ya kila sauti yetu, na kila mwandishi alitafuta njia yake. Utendi wa Tambuka uliandikwa kwa herufi hizo mwaka 1728. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirusha mishale ya mashairi yake katika zama ambazo hapakuwa na kamati yoyote ya kumwambia neno "sahihi" ni lipi. Hakuna aliyedhani hawana akili. Tahajia sanifu ni makubaliano yenye manufaa, na mimi nayaheshimu kuliko wengi kwa sababu yamenigharimu kuliko wengi. Lakini ni makubaliano. Hayakuwahi kuwa kipimo cha akili, na waliokwambia hivyo walikuwa na fimbo mkononi.

Hiyo fimbo ninaijua. Shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na imla kila Ijumaa: maneno ishirini, na kiboko kimoja kwa kila kosa kuanzia la tatu. Rafiki yangu wa dawati moja alikosa maneno mawili wiki hadi wiki na hakuchapwa hata siku moja. Mimi nilikosa kumi na moja, kumi na tatu, tisa. Nilikuwa najibu maswali ya hesabu ya mdomo kabla mwalimu hajamaliza kuyauliza, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwa sababu kwake lilithibitisha kwamba ninaweza na sitaki. Nilipopimwa na mtaalamu nikiwa na miaka 23 na kuambiwa jina la kitu hiki, sikulia kwa furaha kama wanavyolia kwenye filamu. Nilipiga hesabu ya Ijumaa.

Nimetaja filamu, tuizungumzie. Mwaka 2007 Aamir Khan alitoa Taare Zameen Par, habari ya mtoto aitwaye Ishaan ambaye herufi zinamchezea, anaitwa mtukutu, anapelekwa shule ya bweni, mpaka anapopata mwalimu anayemwelewa. Filamu za Kihindi hatuhitaji kuelezwa, tumekua nazo. Nimekutana na watu wengi wa rika langu walioitazama hiyo na kulia. Wengine wanaisimulia hadi leo kwa sauti ya huzuni. Ningependa kujua machozi yale yalikwenda wapi, kwa sababu Ishaan amekua. Ni mtu mzima sasa, yuko kwenye grupu lenu la mtaa, jana ameandika "tukutane saa kumi jioni tuanglie mferji", na ninyi mlioililia sura yake akiwa na miaka minane ndio mliompiga skrinshoti na kuipeleka grupu jingine.

Madhara ya hayo si hisia tu. Nitasimulia jambo moja, na nitaliacha mahali palipotokea bila jina.

Mtaa niliokuwa nakaa ulichangishana fedha za kuchimba mtaro. Ramani ilichorwa kwenye karatasi ya daftari na kutumwa kwenye grupu. Nilipita pale na kifaa changu cha kazi siku ya Jumapili, nikapima usawa wa ardhi kwa hiari yangu, nikaona kwamba mahali maji yalipotarajiwa kutokea ni juu kuliko mahali yanapoingia, kwa sentimita kama arobaini. Mtaro wa namna hiyo ni bwawa refu. Nikaandika kwenye grupu kwamba hakuna "mtermeko" wa kutosha na maji "yataludi" kwenye nyumba za kona.

Jibu la kwanza lilikuwa na vinyota viwili: *mteremko *yatarudi. La pili lilisema, "Injinia wetu dada, rudi kwanza shule, mtaro utakusubiri." Nilihesabu emoji kumi na tisa. Mzee mmoja aliyekuwa mjumbe aliuliza kwa upole, "Binti, hizo sentimita umezipata vipi?" na swali lake likapotea juu ya kicheko kama kikombe kwenye mafuriko. Mtaro ukachimbwa kama ulivyochorwa. Masika ilipofika maji yakafika mwisho wa mtaro, yakasimama, yakarudi, yakaingia nyumba mbili. Katika moja kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miezi miwili.

Siisimulii ili niseme niliwaambia. Naisimulia kwa sababu kila kitu kilichohitajika kuokoa zile nyumba kilikuwa kimeandikwa kwenye ule ujumbe: kipimo, mahali, sababu. Hakuna mtu hata mmoja aliyeshindwa kunielewa. Ili uweke *mteremko, ni lazima kwanza uwe umeelewa kwamba nilimaanisha mteremko. Kinyota ni ushahidi kwamba ujumbe umefika. Anayekiweka anatangaza mbele ya wote kwamba amenielewa na kwamba hatanijibu.

Sasa twende kwenye unafiki, kwa maana upo mwingi. Watu walewale wanaocheka "mtermeko" wanaandika "cjui", "kbs", "bn", "nmefka", "mambo vp". Miaka michache nyuma walikuwa wanaandika "xaxa" na "2po", na wakubwa zao walipiga kelele kwamba Kiswahili kinakufa. Kiswahili hakikufa. Tulielewana. Maana yake tunajua kabisa kwamba kwenye gumzo la simu tahajia inaweza kukunjwa na maana ikabaki palepale. Tunachosema kwa kweli ni kwamba anayevunja tahajia kwa kupenda ni mjanja wa mjini, na anayeivunja kwa kushindwa ni mjinga. Kwa hiyo suala halikuwa lugha hata siku moja. Tunakagua nani ana kitambulisho cha kuingia.

Na njia za kutokea tumeziziba zote. Nikituma ujumbe wa sauti, admini ameshaweka sheria: sauti haziruhusiwi, zinamaliza bando na wengine wapo ofisini. Nikiiachia simu inisahihishe, simu nyingi zinazouzwa kwetu zimewekwa Kiingereza, na kibodi inageuza Kiswahili changu kuwa majina ya Wazungu. Hata nikiweka kibodi ya Kiswahili, inaniletea maneno matatu nichague, na kuchagua neno lililoandikwa sawasawa kati ya matatu yanayofanana ndiyo kazi yenyewe inayonishinda. WhatsApp iliongeza uwezo wa kuhariri ujumbe mwaka 2023, na inakupa dakika 15. Zinamtosha anayeona kosa lake. Mimi hata mwaka mzima hautanitosha.

Sasa umekuja mtego mpya. Nikiupitisha ujumbe wangu kwenye programu ya akili bandia inyooshe herufi, unatoka umenyooka, na papo hapo anatokea mtu: "Hii si wewe, umeandikiwa na mashine." Nikikosea sina akili. Nikisahihishwa akili si yangu. Naomba mtu anionyeshe mlango wa tatu.

Wapo watakaosema ninatetea uzembe. Hapana. Kuna mahali ambapo herufi moja ni uhai. Jina la dawa, namba ya kiwanja, masharti ya mkataba, tangazo la mtihani. Mimi natayarisha hati za viwanja. Sijawahi kutoa hati ambayo haijasomwa na watu wawili wengine, na ningependa kila mwenye tahajia nzuri afanye hivyo pia, kwa sababu na yeye hukosea. Huo ndio usahihishaji wa kweli: unafanyika kabla madhara hayajatokea, unafanyika na mtu aliye upande wako, na haufanyiki mbele ya hadhara. Anayekuvuta faragha na kukuambia, "Kaka, pale nadhani ulimaanisha tarehe 12, rekebisha watu wasikose," huyo amekusaidia. Anayesubiri watu 200 wawepo ndipo akusahihishe, hakuwa na shida na tahajia yako.

Wapo pia watakaosema kwamba tukikubali haya, kila mvivu atajiita mwenye disleksia. Hoja hiyo inadhani kwamba mimi naomba kibali maalumu, kadi ya kuonyesha getini. Siombi. Sitaki mtu yeyote alazimike kutangaza hali yake kwenye grupu la harusi ili hoja yake kuhusu bei ya ukumbi isikilizwe. Huwezi kujua kutoka kwenye ujumbe wa simu kama aliyeandika ana disleksia, au Kiswahili ni lugha yake ya tatu, au anatumia simu yenye kioo kilichopasuka, au yuko kwenye daladala kasimama kwa mkono mmoja, au kweli hajali. Wataalamu hutumia saa kadhaa na vipimo vingi kutofautisha hayo. Wewe unatumia sekunde mbili na emoji. Kwa kuwa huwezi kujua, acha kuhukumu mtu, jibu alichosema. Kama alichosema ni upuuzi, sema ni upuuzi. Nitakushukuru. Nimewahi kuandika upuuzi wenye tahajia safi na hakuna aliyenigusa.

Na hilo ndilo jambo ambalo wapenda vinyota hawalitazami. Uongo mkubwa tunaolishwa kila siku hauna makosa ya tahajia. Umeandikwa vizuri, umepangwa aya, una nukta na mkato mahali pake. Taarifa za kukwepa lawama, ahadi za majukwaani, barua za kukukatalia haki yako, zote zimehaririwa. Tumejifundisha kukiamini kilichonyooka na kukishuku kilichopinda, na kwa hiyo tumekuwa mawindo rahisi ya yeyote anayeweza kumlipa mhariri. Mtu anayekagua herufi kabla ya kukagua ukweli hajawa mlinzi wa lugha. Amekuwa mlinzi anayekagua viatu vya wageni wakati mwizi anapita na suti.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana leo. Admini, ruhusu ujumbe wa sauti, hata kama ni wa dakika moja. Kiongozi wa kamati, ukiona swali zuri limezama chini ya kicheko, lirudishe juu na ulijibu. Yule mzee mjumbe alijaribu, angepata hata mtu mmoja wa kumuunga mkono nyumba mbili zingebaki kavu. Mwajiri, kama kazi ni ya kuchomelea, kupima au kuendesha mtambo, mwite mtu umwone akifanya kazi kabla hujatupa ujumbe wake. Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, wewe unayebeba KKK mabegani mwako na watoto themanini mbele yako, mtoto anayejibu vizuri kwa mdomo na kuandika vibaya hakuchezei. Anakuonyesha kitu. Weka fimbo chini umtazame.

Na wewe mwenye kinyota. Lugha hii ni yetu sote, na mimi nimeipenda kwa shida kubwa kuliko wewe. Kila neno lililo sawa katika makala hii nimelilipia. Ukiona kosa langu kesho, na utaliona, una mambo mawili ya kufanya. Kama hukuelewa nilichosema, niulize. Kama ulielewa, nijibu.